Nilivyompokonya mjomba nyama yake Lushoto

Kama unakaa Dar na hujawahi kupanda Lushoto mwezi wa Julai, basi baridi unaisikia kwa jina tu. Mimi nilipanda na kijikoti changu cha jinzi, kile kile cha kutanulia Sinza, nikijua kinatosha. Kufika Soni meno yakawa yanagongana kama kete za bao, na mama mmoja niliyekaa naye kiti kimoja akanitazama, akatikisa kichwa, akanirushia ncha ya kitenge chake bila kusema neno.

Kilichonipeleka si utalii. Mwenzangu, ambaye jina lake nalihifadhi kwa usalama wa uchumba wangu, ni mtoto wa Kisambaa. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, na aliyemlea ni mjomba wake. Ikafika siku nikaambiwa, "Kabla hujaleta wazee wako, mjomba anataka akuone." Akuone! Nikaenda kijiweni kuwauliza wenye uzoefu. Mmoja akasema beba blanketi zito. Mwingine akasema beba sukari na majani ya chai, ingawa chai yenyewe inalimwa huko huko Usambara. Wa tatu akasema nyamaza, wakwe hawapendi kijana msemaji. Hakuna hata mmoja aliyenifundisha kula, na mimi sikuuliza, kwa sababu nani asiyejua kula?

Basi bwana, safari ikaanza alfajiri pale Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Chalinze, Segera, Korogwe. Katikati hapo basi likaingia kwenye moja ya zile hoteli za njiani ambazo wasafiri wote mnazijua. Konda akatangaza dakika kumi za kuchimba dawa na kula, na kama kawaida dakika kumi za konda zilikuwa saba.

Pale ndipo utajua vijana wa mjini tumejifunzia wapi adabu zetu za meza. Unanunua tiketi ya chakula kaunta, unapigania kiti, unakula umeinama, jicho moja kwenye kuku, jicho moja kwenye basi. Mifupa inatupwa juu ya meza. Dada mwenye kitambaa amesimama nyuma yako anahesabu matonge. Ukiinua kichwa tu umeze vizuri, sahani imeshaondoka, kitambaa kimeshapita, na abiria mwingine ameshaweka soda yake mahali pako. Sisemi kwamba wanakosea. Mabasi manne yakiingia kwa pamoja, kiti kimoja inabidi kiliwe na watu kumi. Ninachosema ni kwamba ukila hivyo miaka kumi, ukiongeza na zile hoteli za Kariakoo za saa saba mchana, mwishowe unadhani duniani kote ndivyo watu wanavyokula.

Mombo basi linaiacha barabara kuu ya Arusha na kuanza kupanda. Ni kilometa kama 33 tu mpaka Lushoto, lakini ni kilometa za kona. Upande mmoja mwamba, upande mwingine shimo, na chini kabisa mto unakwenda kwa kelele. Soni unayaona maporomoko ya maji hapo hapo barabarani, pamoja na vijana wanaouza plamsi na pichesi kwenye vindoo vidogo. Halafu kunakuwa na ukungu, migomba, mashamba ya kabichi na viazi yaliyobandikwa kwenye mteremko hadi unajiuliza mkulima anasimamaje. Lushoto yenyewe iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliiita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao, na walikuwa wakipanda huko kulikimbia joto la pwani. Nyumba zao za paa kali na makanisa yao bado yapo. Hoteli kongwe za mji zina sehemu za kuota moto ukutani, na nyingine bado zinatandika vitambaa meupe mezani kama mgeni rasmi anakuja.

Nilifika Jumamosi jioni, nikalala gesti. Jumapili ni siku ya soko. Akina mama wanateremka toka vijijini na mizigo kichwani, mji unajaa, na hoteli za karibu na soko hazina pa kukanyaga. Ndipo mjomba alipochagua tukutane, saa saba mchana, kwenye hoteli moja ambayo sitaitaja.

Mzee mwenyewe alikuja taratibu na fimbo, koti kubwa, kofia, shingoni skafu. Nikamwamkia kwa kuinama, "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, karibu Shambaai." Sauti ya upole kabisa. Mwenzangu akanikonyeza kwamba tumeanza vizuri.

Tukaagiza. Dada mhudumu, binti wa kama miaka kumi na tisa hivi, akaja kwanza na jagi na beseni, maji ya moto. Nyie wa Dar mnaonawa kwenye bomba lenye tangazo la soda hamjui raha ya maji ya moto mkononi kwenye baridi ile. Alianza kwa mzee. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mikono yangu mbele, akaipita. Hilo lilikuwa onyo la kwanza, sikulisikia.

Chakula kikaja: wali, maharage, mchicha, na bakuli la nyama ya ng'ombe kwa kila mtu. Mzee akala kama mtu anayesoma gazeti. Tonge moja, habari ya mvua. Tonge la pili, bei ya viazi. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikajibu mdomo umejaa. Maharage ya Lushoto ni matamu, nisidanganye. Baada ya dakika saba, zile zile za konda, sahani yangu ilikuwa inang'aa.

Sasa nielewe hapo. Mlangoni walikuwa wamesimama watu wanasubiri viti. Mtu wa mjini akiona watu wamesimama na yeye ameshamaliza, damu inamwenda mbio. Nikanawa kwenye lile beseni lililoachwa pembeni, nikachukua kijiti cha meno, nikarudisha kiti nyuma, nikafanya kile kisauti chetu, "psiii, dada!" Binti akaja. Akaichukua sahani yangu, akasita, akamtazama mzee. Mimi bila hata kugeuza shingo nikasema, "Ondoa tu, zote, watu wanasubiri."

Akaondoa zote. Ikiwemo bakuli la mjomba, ambalo ndani yake kulikuwa na vipande vitatu vya nyama. Mzee, kama wazee wengi, anaanza na wali na maharage, nyama anaiwekea mwisho.

Mwenzangu alinikanyaga mguu chini ya meza mpaka leo kucha ina alama. Mjomba hakusema kitu. Aliutazama mkono wake uliokuwa unakwenda kwenye bakuli ambalo halipo, akaurudisha taratibu, akaomba maji anawe.

Yangeishia hapo ningesema ni ushamba tu wa mjini. Lakini mwenye hoteli alikuwa kaunta ameona kila kitu. Akamwita binti mbele yetu, mbele ya meza zote. "Sahani ya mzee unaiondoaje hajamaliza? Huna macho? Nyama hiyo utailipa wewe!" Hoteli nzima kimya. Nilitakiwa kusimama niseme ni mimi. Maneno yalifika mpaka kooni. Nikawaza, nikisema ni mimi, mbele ya mjomba, uchumba umekwenda na maji. Nikanywa soda.

Mjomba akamwita yule binti. "Mwanangu, uliamua mwenyewe, au uliambiwa?"

Binti akanitazama mara moja tu. Halafu akatazama sakafu. "Niliamua mwenyewe, babu. Nisamehe."

Mzee akatikisa kichwa. Mimi nilitaka kulipa, akanizuia kwa kiganja, huku mgeni halipi. Tukaachana mlangoni. Aliniambia kitu kimoja tu, kwa upole ule ule: "Kesho jioni njoo nyumbani. Huku tunakula kwa nafasi."

Usiku ule gesti sikulala, na msinidanganye kwamba ni baridi. Mwenzangu alinipigia simu akaniambia, "Mjomba masikio yake ni mazima, amekusikia. Alikuwa anataka kujua utafanya nini." Hapo nikajua mtihani haukuwa nyama.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye ile hoteli. Viti bado viko juu ya meza. Nikamweleza mwenye hoteli kila kitu, nikatoa elfu nne ya nyama. Alizipokea akasema "haya", kama mtu anayepokea chenji. Binti alikuwa anapanga chupa tupu kwenye kreti. Nikamwomba radhi, nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Kaka," akasema, "mteja akisema ondoa nisipoondoa nasemwa, nikiondoa nasemwa. Wewe unaondoka, mimi nabaki."

Nikamwomba anifundishe. Akacheka, lakini alinifundisha. Anasema mhudumu hasikilizi sana mdomo wa mteja, anasoma meza. Aliyenawa amemaliza. Aliyesukuma sahani mbele amemaliza. Aliyeshika kijiti cha meno amemaliza, na aliyerudisha kiti nyuma anataka bili. Mimi nilimpa dalili zote nne, mzee hakumpa hata moja, ndiyo maana alisita. Chupa za soda ndizo huondolewa mapema, mteja apende asipende, kwa sababu zinahesabiwa jioni na ikipungua moja ni yake. Sahani ikivunjika ni yake. Mteja akitoroka na bili yeye akiwa jikoni, ni yake. Ndiyo maana, msomaji, ukiona anaizunguka meza yako kama mwewe usidhani anakufukuza.

Na hapa niseme kidogo kwa dada zetu na kaka zetu wa kazi hizi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu bosi akate mshahara anavyojisikia. Kama ni hasara umeisababisha wewe kazini, anatakiwa akupe maelezo kwa maandishi, upewe nafasi ya kujitetea, na makato yenyewe yasizidi robo ya mshahara. Amri ya mishahara ya 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 130,000 kwa mwezi kwa migahawa, gesti na baa. Kimepanda tangu hapo, sawa, lakini piga hesabu mwenyewe, kwa kima kile cha 2013 bakuli moja la nyama lingekuwa mshahara wa karibu siku nzima. Yule binti alipoulizwa na mzee alikuwa na hesabu hiyo kichwani, na bado akanihifadhi. Nilimwachia kitu kidogo. Alikikataa mara mbili, mara ya tatu akakiweka kwenye aproni.

Mchana mimi na mwenzangu tukatembea kwenda Irente. Ni mwendo wa kama saa moja na nusu kwa miguu toka mjini, unapita shamba la Kanisa la Kilutheri ambapo wanauza jibini, jamu na mkate mweusi wa kizungu mzito kama tofali. Tulinunua, tukaenda kulia juu ya jiwe. Msomaji, pale duniani kunakatika. Mwamba unashuka karibu mita 1,000 kwa mkupuo mmoja, na chini unaiona Mazinde, mashamba ya mkonge yamepigwa mistari kama daftari, barabara ya Arusha kama uzi, mabasi kama siafu. Nikawaza ndani ya lile siafu moja kuna mtu sasa hivi anakula kuku kwa dakika saba.

Karibu na hapo tukakutana na kaka mmoja anayehudumia kwenye loji ya watalii. Nikampa mkasa wangu, akaangua kicheko. Akasema chuoni walifundishwa hivi: meza ya watu wanne, hata watatu wakimaliza, huondoi kitu mpaka wa nne aweke uma na kisu chake sambamba juu ya sahani. Uma na kisu vikiwa vimeachana, mtu anapumzika tu. Ukiondoa mapema unamwambia yule wa mwisho kwamba anachelewesha wenzake. Anasema Wamarekani wengi kwao wamezoea mhudumu anaondoa kila sahani inapoisha, mtu asikae na uchafu mbele yake, lakini wageni wa Ulaya wakifanyiwa hivyo hukasirika.

Nikamwambia, kwa hiyo Mjerumani na mjomba wangu wana sheria moja? Akasema ndiyo, tofauti mjomba hana uma.

Na kwa kweli ukifikiri, hata pwani ndivyo. Kwenye sinia la pilau hakuna sahani ya mtu wa kuondoa, kila mmoja anakula upande wake, na mdogo akishiba anachezea punje za wali kwa vidole mpaka mkubwa anawe. Bibi yangu alitufundisha hayo, tukayaacha stendi.

Jioni nikaenda kwa mjomba. Nyumba iko mlimani, unafika unahema. Ndani moto unawaka, moshi unakula macho. Kabla hata sijakaa nilichukua jagi na beseni, nikaanza kwa mzee, nikafuata shangazi, nikafuata wengine kwa umri, mimi wa mwisho, mtoto mmoja akanimiminia. Hakuna aliyesema kitu ila niliona shangazi anamtazama mwenzangu.

"Nimekwenda kule hotelini asubuhi, mjomba," nikasema. "Yule binti hakuamua mwenyewe. Nilimwambia mimi."

"Najua," akasema mzee. "Nilikuwa nakusubiri."

Tulikula ugali, maharage na nyama, kwa muda wa saa nzima na robo. Nilitafuna kila tonge kama dawa. Katikati mzee akatoa hadithi ya Mbegha, ile ambayo Abdallah bin Hemedi aliiandika kwenye Habari za Wakilindi. Mbegha alikuwa mwindaji aliyetoka Nguu, akapanda milima hii akiwinda nguruwe mwitu. Nyama akawa anawagawia Wasambaa, nao wanampa chakula cha shamba, mpaka wenyewe wakamwomba awe mtawala wao, na Vuga ikawa makao ya wafalme wa Kilindi. "Kwa hiyo huku kwetu," akasema huku anatazama moto, "mtu alipata nchi kwa kugawa nyama. Wewe ulikuja kuomba mke kwa kuiondoa." Nyumba nzima ikacheka, hata wale watoto waliokuwa hawajaelewa. Mimi nikacheka kwa kuchelewa kidogo.

Karibu na mwisho yule mtoto akaja kusafisha. Sahani yangu ilikuwa tupu, mikono yangu bado haijanawa, nimeiweka juu ya magoti kama niko kanisani. Akanitazama mimi kwanza, sijui kwa nini, labda alishasimuliwa. "Niondoe?"

Nikachungulia bakuli la mzee. Kimebaki kipande kimoja.

"Bado," nikamwambia. "Mzee hajamaliza."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Halafu akakishika kile kipande, akakipasua viwili kwa vidole, kimoja akakiweka kwenye sahani yangu. Wazee wangu wanapanda Septemba. Nimeshawaambia wabebe makoti, na baba yangu, ambaye anakula haraka kuliko mimi, ameanza mazoezi.